Tunataka kufunga mwamba wa pweza miezi mitatu: hesabu tunaifanyaje tukiwa wote?

KatibuWaMwamba (Mtwara Vijijini)

Shikamooni wakubwa, habari zenu wenzangu.

Mimi ni katibu wa kamati ya bahari ya kijiji chetu, pwani ya kaskazini ukishapita Mikindani. Nachokoa pweza tangu nina miaka tisa. Nilikuwa namfuata bibi yangu mwambani, yeye na chuma chake, mimi na kikapu. Mpaka leo bamvua likifika, zile siku maji yanapopwa na kujaa kupita kawaida, mtanikuta huko huko na wenzangu. Kwa hiyo ninachouliza hapa kinagusa chungu changu mwenyewe.

Kuna hoja ya kufunga mwamba mmoja kwa miezi mitatu ili pweza wakue. Hoja yenyewe haina ugumu kuielewa. Pweza wetu huyu wa mwambani anaishi mwaka mmoja hivi au kuzidi kidogo. Jike hutaga mara moja tu maishani mwake, akakaa pangoni kulinda mayai bila kula, yakianguliwa naye anakufa. Na anakua upesi mno. Ukimwacha leo wa nusu kilo, ambaye sheria inasema chini ya hapo usimguse, ukimkuta baada ya miezi mitatu utadhani siye. Songosongo kule Kilwa walishawahi kufunga miamba yao, na Madagaska, kijiji cha Andavadoaka, walianza mwaka 2004.

Sisi tulishajaribu mara moja, na ndipo ninapoumia. Walikuja wataalamu na kompyuta, wakatandika shuka nyeupe ukutani shuleni, wakaonyesha mchoro. Mstari unapanda. Wakasema mkifunga miezi mitatu, mtavuna hivi. Akina mama tulikaa nyuma. Bibi mmoja akauliza, "Mwamba gani huo?" Akaonyeshwa. Akanyamaza, akafunga vizuri kanga yake, akaondoka. Kwenye muhtasari wa mkutano iliandikwa kwamba wote walikubali.

Haikufika hata wiki ya sita watu wakaanza kuingia. Usiku wa maji kupwa zilionekana tochi mwambani. Nawajua waliokuwa na zile tochi. Mmoja mtoto wake alikuwa hana daftari wala sare. Hao si wezi, ni mama zangu na wadogo zangu, na mwamba uliofungwa ndio pekee wanaoweza kuufikia kwa miguu. Wanaume wana mitumbwi na miwani ya kuzamia, walihamia mwamba wa nje, kwao maisha yaliendelea. Jambo hilo mle kwenye mchoro halikuwemo.

Sasa nimesikia kuna njia inaitwa modeli shirikishi. Kwamba badala ya mtaalamu kuleta hesabu imeshapikwa, wale wanaoguswa ndio wanaochora wenyewe nini kinasababisha nini, wanaweka idadi, wanacheza misimu ijayo kabla haijafika, kisha ndipo wanaamua. Nauliza: kuna mtu huku kusini kwetu amewahi kuifanya? Bila kompyuta, maana umeme kwetu ni wa kubahatisha na nusu ya akina mama hawasomi. Nimwite nani, nianzie wapi, na nitajuaje kwamba picha tuliyoichora haitudanganyi kama ile ya ukutani?

---

MzeeWaMpingo (Kilwa, upande wa bara)

Marahaba binti yangu. Nimeisoma habari yako mara mbili. Huyo bibi aliyefunga kanga akaondoka, sisi wetu alikuwa ni mzee mmoja mfugaji, nitakueleza.

Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya maliasili kijijini kwetu. Sisi tuna msitu wa miombo wenye mpingo, mninga na mkongo. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi, kikausimamia na kuvuna kwa mpango, na mapato yakabaki kijijini. Wilaya yetu ina sifa katika jambo hili: vijiji vya Kikole na Kisangi mwaka 2009 vilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaomilikiwa na jamii. Kwa hiyo na sisi tulitamani.

Mpango wetu wa kwanza wa matumizi ya ardhi ulikuja kama mchoro wako wa ukutani. Ramani nzuri, ya rangi. Mstari wa msitu ukapita juu ya bonde ambalo wake zetu wanalima mpunga, na ukaziba njia ambayo ng'ombe hupita mwezi wa tisa na wa kumi kwenda kwenye bwawa, maana wakati huo ndilo pekee lenye maji. Mwaka ule ule msitu ukawaka moto mara tatu. Kila mtu akanyooshea mwenzake kidole.

Mara ya pili alikuja kijana mmoja wa misitu, mpole, hana haraka. Akasema leo sina ramani. Akatuomba tuchague mti wenye kivuli, tukaenda chini ya mkorosho mkubwa wa marehemu kaka yangu. Akafagia mchanga. Akasema, "Chora kijiji." Tukachora kwa fimbo: barabara, msikiti, mto, bonde, bwawa, msitu. Akauliza, "Nani hayupo hapa?" Tukatazamana. Wafugaji hawakuwepo. Wamekuja huku kwetu na mifugo yao miaka hii kutoka mbali, wengine baada ya kuondolewa Usangu, na tulikuwa tumezoea kuwazungumzia wakiwa hawapo. Tukaahirisha. Binti yangu, kuahirisha kule ndiko kulikookoa kila kitu. Wiki iliyofuata akaja yule mzee wao na vijana wawili.

Kisha tukaingia kwenye mishale. Unachimba kishimo, unaweka jani la ufuta. Hicho ni ufuta. Kishimo kingine, kijiti cha mpingo. Kingine, mkaa, huo ni moto. Halafu unauliza: hiki kikiongezeka, kipi kinaongezeka na kipi kinapungua? Unachora mstari kwa fimbo. Bei ya ufuta ikipanda, watu wanafyeka mashamba mapya. Kwa nini mapya, na ya zamani yapo? Hapo mama mmoja akasema neno ambalo hakuna bwana shamba aliyewahi kulisema mbele yangu: shamba jipya mwaka wa kwanza halina magugu, na yeye hana mtu wa kumsaidia palizi. Kumbe moto wa kusafishia shamba ulikuwa unatokana na palizi! Sisi tulikuwa tunaandika faini, kumbe mzizi ni jembe na mikono michache. Tukachora kishimo cha palizi. Yule mzee mfugaji naye akasema vijana wake huchoma nyasi ili yachipue majani mabichi, kwa sababu njia ya bwawani imezibwa na ng'ombe wamedhoofu. Mshale mwingine. Baada ya saa tatu hivi moto ulikuwa na mishale mitano inayouingia, na hakuna hata mmoja uliokuwa na jina la mtu.

Ndipo tukaanza kucheza. Tulitumia komwe za bao, kwa sababu wazee wote wanazijua na hakuna anayeona aibu kuzishika. Kila komwe ni kundi la miti katika eneo fulani. Tulikuwa na takwimu zetu wenyewe, kwa sababu tulishapita msituni na kamba na futi, tukihesabu miti kitalu kwa kitalu. Raundi moja tukaiita miaka kumi. Wewe pweza wako ni wa mwaka mmoja, mpingo hukadiriwa kuchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Raundi ya kwanza wakavuna kwa tamaa. Raundi ya pili komwe chache. Raundi ya tatu kijana mmoja wa miaka ishirini na kitu, mtu wa kuongea sana, akashika komwe mbili zilizobaki akasema, "Hapa mimi nina umri wa mzee mwenyekiti." Akazirudisha chini. Hatukuongea kwa muda.

Tulicheza upya siku ile mara nne. Mara ya nne njia ya ng'ombe ilikuwa imefunguliwa, bonde la mpunga limetolewa kwenye mstari wa hifadhi, na moto wa mapema ulipangwa mwezi wa sita nyasi zikiwa bado na unyevu, ili ule mkali wa mwezi wa kumi ukose cha kula. Tulichokubaliana mchangani ndicho kilichokwenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kikaandikwa kuwa sheria ndogo, kikapelekwa halmashauri.

Sitakudanganya kwamba moto umekwisha. Mwaka jana ulipita upande wa magharibi. Lakini safari hii walioutangulia kuuzima walikuwa vijana wa yule mzee mfugaji.

Kwako nakushauri mambo machache. Mkutano uitwe siku za maji mafu, bahari isipopwa sana. Ukiuita bamvua, akina mama wako wako majini na waliobaki kijijini ndio wataamua. Akina mama wakae peke yao kwanza na vijiti vyao, wanaume peke yao, kisha mchanganye, maana kuna maneno binti hawezi kuyasema mbele ya mkwewe. Na anayeshika fimbo ya kuchorea asiwe mwenyekiti wala wewe katibu. Mpeni mtu ambaye hana cheo.

---

MchuuziFeri (Mtwara mjini)

Dada katibu, nakuombea heri, lakini na mimi niseme. Ninanunua pweza pwani hiyo hiyo mwaka wa kumi na moja sasa. Katika vikao vyote vya kufunga miamba nilivyovisikia, sijaitwa hata kimoja. Mchuuzi anaonekana adui.

Siku ya kufungua mnanipigia simu wote. Asubuhi moja pweza wanashuka kama mvua, wakubwa kweli, kilo mbili, kilo tatu, vizuri sana. Mimi nina masanduku mawili ya barafu. Barafu natoa mjini, njia mnaijua. Sanduku likijaa, pweza wa ziada nitamweka wapi? Jua la saa tano linamharibu. Basi bei inashuka, si kwa roho mbaya, inashuka kwa sababu nitakayemnunua saa sita huenda nikamtupa. Akina mama wanalia wameibiwa, nami nalia nimepata hasara. Mwamba umefungwa miezi mitatu, faida imeyeyuka na barafu siku moja.

Mkichora mishale yenu chimbeni na kishimo cha barafu. Niiteni, nitakuja kwa nauli yangu.

---

MwalimuWaHesabu (Lindi mjini)

Mzee ameeleza vizuri kuliko kitabu. Mimi nitajibu swali la mwisho la dada: utajuaje kwamba picha haikudanganyi.

Fikiria pipa la maji. Kuna maji yanayoingia, kuna yanayotoka, na kimo cha maji ni matokeo ya hayo mawili. Kwa lugha hiyo Jay Forrester wa chuo cha MIT, Marekani, alianza miaka ya 1950 kufanya hesabu za mifumo, na hadi leo programu nyingi za modeli ndani yake ni mapipa na mabomba tu. Mwamba wako ni pipa. Wanaoingia ni pweza wachanga. Wanaotoka ni wanaoliwa na samaki mkunga, wanaokufa baada ya kutaga, na wanaochokolewa. Bamvua ni mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo miezi mitatu ni mabamvua sita. Hizo ndizo raundi zako, huhitaji kalenda nyingine.

Weka makombe 40 ya baharini kwenye duara, kila moja likisimama badala ya pweza. Tuseme, kwa mchezo tu, kila bamvua yanaingia 6, yanakufa 2, yanachokolewa 5. Utaona duara linapungua moja moja, polepole, kiasi kwamba hakuna anayeshtuka. Ndivyo miamba inavyokwisha. Ukifunga, zile 5 hazitoki: baada ya mabamvua sita una 64, na kila kombe lina pweza mzito kuliko mwanzo. Sasa cheza kwa kufunga mwaka mzima. Watu wengi hudhani itakuwa bora zaidi. Lakini wale wakubwa watakuwa wameshataga na kufa, hakuna aliyewala. Kwa pweza, kufunga kupita kiasi ni kuiachia bahari kilicho tayari kuvunwa. Hili likionekana kwa makombe hakuna haja ya kubishana.

Usiache duara la pili, la mwamba wa nje. Mtaalamu wako aliuchora mwamba mmoja kama kisiwa. Zile 5 zisizotoka kwenye mwamba uliofungwa, wavuvi wake hawakulala nyumbani, wamekwenda mwamba wa nje. Ongeza uvunaji kule kwa idadi hiyo hiyo uone unachukua muda gani kuisha.

Kupima ukweli wa picha, irudishe nyuma kabla ya kuipeleka mbele. Waulize wazee: mwaka gani pweza walikuwa wengi, mwaka gani walipotea? Watakutajia mwaka 1998 matumbawe yalipogeuka meupe kwa joto la maji, watakutajia miaka ya uvuvi wa baruti, watakutajia Aprili 2019 tulipohamishwa kwa ajili ya Kimbunga Kenneth. Huku Lindi wapo wanaosimulia kimbunga cha 1952 kama cha jana. Panga miaka hiyo kwenye kamba, kisha endesha makombe kuanzia zamani. Yakikataa kushuka pale ambapo watu wanakumbuka njaa, picha yenu ina kasoro, itafuteni. Yakifuata kumbukumbu, hapo mna kitu cha kushika.

Na namba zenyewe zisiwe ahadi. Cheza mara tatu: kwa wachanga wachache, wa wastani, wengi. Uamuzi unaostahimili mara zote tatu ni bora kuliko ule unaopendeza mara moja. Kosa la ule mstari ukutani lilikuwa kwamba ulikuwa mmoja.

Kuhusu kompyuta, usione umepungukiwa. Katika bonde la mto Senegal, mwishoni mwa miaka ya 1990, wakulima na wafugaji waliachiwa watunge mchezo wao wa ardhi na maji kwanza, kwa kanuni zao, ndipo watafiti wakauingiza kwenye kompyuta kama ulivyo. Kompyuta ilikuja nyuma.

---

Mzamiaji_Kusini

Mama katibu shikamoo. Mimi ni miongoni mwa hao wa miwani. Ni kweli tulihamia mwamba wa nje, na mwalimu amesema kweli, ule wa nje sasa una pweza wadogo wadogo. Lakini mkichora, chora na wa dago. Wanakuja na majahazi kutoka mbali, wanapiga kambi, hawakukaa mkutano wetu hata siku moja, na siku ya kufungua wanafika usiku wa kuamkia. Sisi vijana mwamba wa ndani hatukuugusa miezi mitatu, wao wakavuna alfajiri. Hilo ndilo lililonivunja moyo, wala si kitu kingine. Nikiitwa nakuja.

---

KatibuWaMwamba

Mzee wangu, mwalimu, kaka mchuuzi, mwanangu mzamiaji, nimerudi. Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nasubiri maji mafu.

Tumefanya siku mbili, ufukweni chini ya mivinje. Siku ya kwanza akina mama peke yetu. Nilimfuata yule bibi nyumbani kwake kabla, nikamwambia sina mchoro, naomba yeye achore. Alikuja na mkeka wake. Tulipofagia mchanga alichukua kijiti, na badala ya kuchora mwamba mmoja akachora saba. Miaka yote mimi na kamati tunasema "mwamba wa ndani" kana kwamba ni kitu kimoja. Kumbe kwa wao wanaotembea, mwamba ule una sehemu saba zenye majina, na kila moja inafikika kwa kiasi fulani cha maji kupwa. Mbili zinafikika hata bamvua dogo, na hizo ndizo za wazee na wajawazito. Nne zinahitaji maji yatoke sana. Ya saba hawaendi kabisa, wanasema ndiko majike wanakojificha na mayai, mapango yake ni marefu chuma hakifiki.

Nilijisikia vibaya. Nimeanza kwenda pale nikiwa na miaka tisa, na majina matatu nilikuwa nimeyasahau.

Siku ya pili tulichanganyika. Mchuuzi alikuja, kwa nauli yake kama alivyoahidi, akakaa chini na makombe yake ya barafu. Kijana wa miwani alikuwa ndiye mshika fimbo. Tuliirudisha picha nyuma kama mwalimu alivyosema, na ikatukataa: makombe yalionyesha pweza wamejaa katika miaka ambayo wote tunakumbuka tulikula mhogo mtupu. Tulikwama pale karibu saa nzima. Mwisho mzee mmoja mvuvi wa madema akakumbuka kwamba miaka ile ndiyo nyavu za majuya zilikuwa zinaburutwa juu ya majani ya bahari, na pweza wachanga huonekana huko kabla hawajapanda mwambani. Tukapunguza wanaoingia kutoka 6 hadi 3. Picha ikakaa.

Tulipocheza mbele, kufunga mwamba wote kuliwaondoa akina mama mchezoni bamvua la tatu. Nasema kuwaondoa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: waliocheza nafasi hiyo walibaki hawana hata kombe moja mkononi, wakainuka kwenye mkeka, na wanaume wakawaona wakiinuka. Sikuhitaji kueleza habari ya tochi. Mwenyekiti mwenyewe akasema, "Basi turudie."

Tulichokifikia, na bado ni pendekezo: sehemu mbili za karibu zibaki wazi kwa wanaotembea kwa miguu tu, hakuna kuzamia. Nne zifungwe mabamvua sita. Ya saba ifungwe moja kwa moja. Kufungua kusiwe siku moja, ila sehemu moja kila baada ya siku mbili, ili masanduku ya barafu yaende mjini na kurudi. Siku mbili za mwanzo za kila sehemu ziwe za wanakijiji waliopitisha sheria ndogo, na wa dago wapewe taarifa mapema kwa maandishi kambini kwao, waje na kikaoni wasikie wenyewe. Juu ya hilo la dago hatukuelewana vizuri. Kuna wazee wanaosema bahari haina mlango na hata sisi tumewahi kwenda dago Kilwa tukapokewa. Nimeliandika kama lilivyo, kwamba hatujakubaliana.

Muda pia umebadilika. Wataalamu walitaka tuanze Novemba. Akina mama wakahesabu wakasema Januari itawakuta mwamba umefungwa na shule zinafunguliwa. Tunaanza baada ya hapo.

Mkutano mkuu wa kijiji ni maji mafu yajayo. Makombe tumeyaweka kwenye ndoo ya yule bibi, na mkeka ni ule ule. Mwalimu, nina swali moja bado: katika daftari la mnada tulikuwa tunaandika kilo tu. Kijana wa miwani anashauri tuandike na idadi ya watu waliokwenda mwambani siku hiyo na saa walizokaa. Je, inatosha, au kuna safu nyingine tuongeze kabla hatujaanza? Nataka bamvua la kwanza likifika daftari liwe tayari.

---

MwalimuWaHesabu

Huyo kijana mshikilieni. Kilo, watu, saa, jina la sehemu, na kama alikwenda kwa miguu au kwa mtumbwi. Ongeza safu moja tu: majike yaliyokutwa na mayai au yakilinda pango, mangapi, yaliachwa au yalichukuliwa. Huyo bibi atawafundisha kuyatambua. Na kila bamvua likiisha, mwageni makombe mchangani kama daftari linavyosema, mlinganishe na mlivyocheza.

Nitafika kwenye mkutano nikijaliwa, nikae nyuma.